Bi Fatma: Nyota wa Sinema Bubu Asiyetajwa

Wapenzi wa picha za Kihindi hapa pwani ni wengi, na kila mmoja ana nyota wake. Huyu atakutajia Nargis, yule Meena Kumari. Lakini uliza habari za Fatma Begum, uone watakavyotazamana! Na hali yeye ni miongoni mwa waliowafungulia njia hao wote.

Bi Fatma alizaliwa India mwaka 1892, akaanzia kazi katika michezo ya jukwaani ya Kiurdu. Siku zile sinema ilikuwa bubu: watu waonekana, midomo yafunguka, sauti hapana. Tena kwa mwanamke kuonekana humo ilikuwa aibu. Katika filamu ya Raja Harishchandra ya mwaka 1913, malkia aliigizwa na mwanamume, Anna Salunke, aliyevikwa sari.

Mwaka 1922 Bi Fatma aliingia katika Veer Abhimanyu, picha ya Ardeshir Irani wa Bombay, mji uitwao leo Mumbai. Alikuwa mtu mzima wa miaka 30, mama wa mabinti watatu: Sultana, Zubeida na Shehzadi. Mabinti nao wakaifuata kazi ya mama yao.

Mwaka 1926 akapiga hatua kubwa zaidi. Alianzisha kampuni yake mwenyewe, Fatma Films, na akaongoza filamu ya Bulbul-e-Paristan. Ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza filamu nchini India.

Kisha sauti ikaja. Tarehe 14 Machi 1931, Bombay ilionyeshwa Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye maneno na nyimbo. Mwigizaji wake mkuu wa kike alikuwa nani? Zubeida, binti wa Bi Fatma.

Bi Fatma alifariki mwaka 1983. La kusikitisha ni kwamba Bulbul-e-Paristan haionekani tena. Hakuna nakala yake inayojulikana kuwapo. Alam Ara nayo imepotea. Mikanda ya zamani ilishika moto upesi na kuharibika ikiwekwa ovyo, na picha ikishachakaa haikuonekana kuwa na thamani.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Bi Fatma alicheza kwao, lakini kazi yake haikutunzwa. Tulilobaki nalo ni jina lake. Hilo angalau tusiliache lipotee.