Safari ya Shujaa katika Riwaya Zitokanazo na Visa vya Kihindu

Mwaka 1949 mtaalamu wa Marekani, Joseph Campbell, alitoa kitabu kiitwacho The Hero with a Thousand Faces. Humo alidai kwamba hadithi za kale za mataifa mengi zina mwendo mmoja: shujaa huitwa atoke kwao, hupita katika majaribu, kisha hurudi na kitu cha kuwafaa wenziwe. Campbell alikuwa amehariri maandiko ya Heinrich Zimmer, bingwa wa elimu ya Uhindi aliyefariki mwaka 1943. Basi si ajabu mwendo huo kuonekana katika riwaya zilizojengwa juu ya visa vya Kihindu.

Mfano ulio wazi ni riwaya tatu za Amish Tripathi juu ya Shiva, zilizotolewa kati ya mwaka 2010 na 2013. Katika masimulizi ya kale, miungu na mahasimu wao waliisukasuka bahari ili wapate kinywaji cha uzima, na humo ikatoka sumu. Shiva aliinywa apate kuuokoa ulimwengu, na koo lake likageuka buluu. Kwa Tripathi, Shiva si mungu bali ni mtu, mkuu wa kabila dogo la Tibet. Anaalikwa nchi ya Meluha, anapewa dawa iitwayo Somras, na koo lake linageuka buluu. Wenyeji wanamwita mwokozi aliyetabiriwa. Yeye mwenyewe hasadiki.

Badiliko hilo lina sababu. Mungu ajuaye yote hana safari, kwa kuwa hana la kujifunza. Mtu aweza kukosa, na Shiva akosa kweli: anawaongoza Wameluha vitani, kisha anatambua kwamba maadui wale si waovu, bali ni watu wa desturi nyingine.

Hata hivyo, mwisho wake unapindua kanuni ya Campbell. Shiva anagundua kwamba Somras, iliyowapa watu umri mrefu, ndiyo inayoukausha mto Saraswati na kuwadhuru wengine kwa taka zake. Kazi ya shujaa huyu si kuleta tunu, bali ni kuiondoa. Na gharama yake ni kifo cha mkewe, Sati, na maangamizi ya mji mkuu, Devagiri.

Tena kanuni hiyo haiwatoshi wote. Katika The Palace of Illusions ya Chitra Banerjee Divakaruni, iliyotolewa mwaka 2008, Draupadi anasimulia mwenyewe kisa cha Mahabharata. Uhamisho wake wa miaka 13 hautokani na wito wowote, bali na mchezo wa dado alioshindwa mumewe. Kwa hiyo yafaa kanuni ya safari itumiwe kama kipimo, wala si kama sheria. Mahali hadithi inapokataa kupimika ndipo penye maana yake kubwa.