Biashara ya vinyonga na nyoka: Mfugaji asibebe mzigo wa jangili

Na Mwandishi Wetu

Katika ukurasa huu wasomaji wamezoea habari za kahawa, korosho na pamba. Ni wachache wanaokumbuka kwamba vinyonga, mijusi, kobe na nyoka hai nao walikuwa bidhaa halali ya kuuza nje kutoka Tanzania, wakisafirishwa kwa ndege kwenda kwa wateja wa Ulaya na Marekani wanaowafuga majumbani na katika bustani za maonyesho. Mlango wa biashara hiyo ulifungwa mwaka 2016, na ulifungwa kwa wote: aliyekuwa na banda, daftari na kibali, pamoja na aliyekuwa akiiba msituni usiku.

Hakuna anayebisha kwamba biashara hii inahitaji sheria. Kinachobishaniwa ni kama sheria inayoshindwa kumtofautisha mfugaji na jangili inamlinda mnyama, au inamhamishia faida mtu mwingine.

Kosa la twiga, adhabu ya kinyonga

Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga, walitoroshwa kwa ndege kupitia uwanja wa KIA. Machi 2016, tumbili 61 walikamatwa katika uwanja huo huo kabla ya kusafirishwa. Mwaka huo Serikali ikapiga marufuku ya miaka 3 kusafirisha nje wanyamapori hai wa aina zote, na muda huo ulipokwisha mlango haukufunguliwa.

Marufuku hiyo haikuchagua. Iliwakumba hata wanavijiji wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, waliokuwa wakifuga vipepeo na kuuza pupa zake kwa bustani za maonyesho za ng'ambo, kazi ambayo kwa asili yake inamfanya mkulima aulinde msitu.

Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya miezi 6 ili wafanyabiashara waliobaki na wanyama mabandani wawauze. Kelele zikapigwa, na baada ya siku chache tu ruhusa ikasitishwa. Hapo ndipo ilipo hasara kubwa ya biashara hii. Mnyama hai si gunia la korosho la kuweka ghalani kusubiri bei. Anakula kila siku, anaugua, na hatimaye anakufa akiwa bado kwenye hesabu za mwenye mali.

Herufi moja kwenye kibali

Biashara ya kimataifa ya wanyama walio katika orodha za ulinzi husimamiwa na mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973. Tanzania ni mwanachama tangu 1979. Kibali cha CITES huwa na herufi inayoonyesha mnyama ametoka wapi. W ni aliyekamatwa porini. R ni aliyechukuliwa porini akiwa yai au mtoto na kukuzwa shambani. F ni aliyezaliwa bandani lakini hajatimiza masharti yote ya uzalishaji. C ni aliyezalishwa bandani kutokana na wazazi wanaofugwa.

Kwa mfanyabiashara, herufi hiyo ndiyo tofauti kati ya kula mtaji na kula faida. Mfano ni mjusi mdogo wa rangi ya buluu anayepatikana katika msitu wa Kimboza na maeneo machache jirani mkoani Morogoro. Wakamataji waliikata mikadi anamoishi ili kumfikia, wakaharibu mnyama na nyumba yake kwa pamoja. Tangu Januari 2017 mjusi huyo yumo katika Orodha ya I ya CITES, inayozuia biashara ya waliokamatwa porini. Novemba 2019 kobe bapa wa miamba, anayeishi Tanzania, Kenya na Zambia, naye akaingia katika orodha hiyo.

Lakini soko la mjusi wa Kimboza halikufa. Anazalishwa na kuuzwa na wafugaji wa Ulaya. Mali ya asili ni ya Morogoro, mauzo ni ya ng'ambo, na kijiji kilicho kando ya msitu hakipati hata senti moja. Hayo ndiyo matokeo ya kuruhusu ukamataji holela kwanza, kisha kufunga kila kitu bila kujenga uzalishaji katikati.

Kwamba njia ya katikati ipo, Zimbabwe ilikwisha kuonyesha. Mamba wake walihamishwa kutoka Orodha ya I kwenda ya II mwaka 1983 kwa msingi wa mashamba yanayokusanya mayai porini na kukuza watoto. Yai likiwa na bei, mwenye mto ana sababu ya kumvumilia mamba anayelitaga.

Wenzetu walikwenda mahakamani

Marekani nako wafugaji wameonja makali ya sheria. Januari 2012 serikali ya huko iliwaweka nyoka wakubwa wanne katika orodha ya wanyama waharibifu. Miongoni mwao wamo chatu wa Afrika, akiwamo wa kusini anayepatikana hata Tanzania na Kenya. Chanzo kilikuwa chatu wa Burma walioenea katika mabwawa ya Everglades, Florida, na kuwamaliza wanyama wa huko.

Chama cha wafugaji, USARK, kilifungua kesi mwaka 2013. Aprili 2017 Mahakama ya Rufaa ya Washington iliamua kwamba sheria hiyo haizuii kusafirisha nyoka hao kati ya jimbo moja na jingine la bara. Marufuku ya kuwaingiza nchini ilibaki. Hoja ya wafugaji ilieleweka: chatu anayestawi kwenye joto la Florida hawezi kuvuka baridi ya majimbo ya kaskazini, basi kwa nini sheria iwe moja?

Hata hivyo, ukweli lazima usemwe. Chatu wa Everglades walitokana na nyoka wa kufugwa waliotoroka au kuachiwa na wenyewe. Mfugaji mzembe mmoja humpa mtunga sheria sababu ya kuwafungia elfu moja waangalifu.

Wafugaji waanze kwao

Anayedai sheria ya haki awe na banda linalokaguliwa bila aibu. Nyoka na mijusi hutegemea joto la nje, hivyo kizimba lazima kiwe na upande wa joto na wa baridi. Kinyonga hunywa matone yaliyo juu ya majani, na wengi hufa kwa kiu huku bakuli la maji likiwa mbele yao. Kobe asiyepata mwanga wa jua na chokaa ya kutosha mifupa yake hulegea. Aidha, wanyama hawa hubeba vijidudu vya salmonela, hivyo kunawa mikono si hiari.

Sheria nyembamba zinawezekana. Tangu 1975 Marekani imezuia kuuza kasa na kobe wadogo ambao gamba lao halijafika inchi 4, kwa sababu watoto waliwatia mdomoni. Tatizo lilitajwa, kipimo kikawekwa, na biashara iliyobaki ikaendelea.

Hapa nyumbani mpango ungeweza kuwa hivi: hakuna kibali cha W kwa aina zenye eneo dogo la kuishi, kila mzazi wa bandani awe na alama na kumbukumbu, ukaguzi ufanyike bila taarifa, sehemu ya ada irudi kijijini, na anayechanganya wa porini na wa bandani afutiwe leseni moja kwa moja. Na sheria ikibadilika, mwenye mifugo halali apewe muda wa kuondoa mzigo wake.

Jangili hahitaji kibali, kwa hiyo hasumbuliwi na kufutwa kwake. Anayesumbuliwa ni yule aliyekwenda kukiomba.