Atomu za Rubidi na Mita Unayoilipia

Fundi anunuapo mita 50 za waya kwa rula iliyopungua sentimita 2, hupoteza mita nzima bila kujua. Usahihi wa rula ni haki ya mnunuzi. Hapa tunaeleza rula yenyewe hupimwa kwa nini.

Tangu mwaka 1983, mita ni umbali unaopitiwa na nuru katika ombwe kwa sehemu 1 ya 299,792,458 ya sekunde. Kwa kuwa kasi hiyo haibadiliki, anayeyajua masafa ya leza, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, huujua pia urefu wa wimbi lake. Wimbi hilo ndilo rula ya maabara.

Hata hivyo, leza ndogo huyumba: joto au mkondo wa umeme ukibadilika kidogo, masafa nayo hubadilika. Ndipo zinapohitajika atomu za metali alikali kama rubidi. Atomu hizi hufyonza nuru ya masafa maalumu tu, mathalani yenye wimbi la nanomita 780 hivi, na atomu za rubidi-87 ni sawa popote duniani.

Ndani ya chupa ya mvuke, atomu hukimbia huku na huko, na mwendo huo huutanua mstari wa ufyonzaji hadi mamia ya megahezi. Kwa hiyo miale miwili ya leza ileile hupitishwa ikielekeana. Atomu inayouelekea mmoja huukimbia mwingine. Zile tu zisizosogea upande wowote wa miale huiona yote miwili kwa masafa yaleyale. Mwale mkali huzishughulisha, na ule hafifu hupenya kwa urahisi zaidi. Hapo hutokea alama nyembamba ya megahezi chache, na saketi huirejesha leza hapo kila inapoteleza.

Kwa leza zilizotulizwa kwa atomu au molekuli, maabara hupima vipimo vya rejea. Hivyo hupima vifaa vya wakaguzi, navyo hupima rula ya dukani. Mnyororo huo hukatika mahali pasipo uhakiki.

Kwa hiyo tunakushauri: tazama muhuri wa uhakiki kwenye rula, kataa rula iliyovunjika au kulika ncha, shuhudia upimaji kabla ya bidhaa kukatwa, na ukitilia shaka, toa taarifa kwa mkaguzi wa vipimo.