Primedi si Shahada

Juzi nimeulizwa tena, mara mbili kwa siku moja: "Mwalimu, mwanangu achukue baiolojia au primedi?" Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa chuo kikuu hapa Marekani wanaotaka udaktari. Swali hili nimelichoka, maana linawaumiza watoto.

Primedi ni nia tu ya kusomea udaktari. Mwenye nia hiyo huchukua masomo yanayodaiwa na vyuo vya udaktari, yaani baiolojia, kemia, kemia ogania, fizikia, na siku hizi biokemia, pamoja na maabara zake. Shahada yenyewe inaweza kuwa ya historia au muziki.

Nikisema hivyo wazazi hunitazama kana kwamba nawaficha kitu. Najua wasiwasi huo umetoka wapi. Tanzania, mwanafunzi wa kidato cha tano akikosa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), mlango wa kawaida wa MD, yaani shahada ya udaktari, umeshafungwa. Akiipata na kufaulu vizuri, anaingia moja kwa moja kwa miaka 5. Kule mzazi anayeshikilia PCB ana haki. Hapa udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, miaka 4 mingine, na wanaochagua wanapekua alama.

Baba mmoja alikunjua matokeo ya bintiye mezani kwangu. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari: ekolojia C, jenetiki C, botania C. Chini kabisa, Kifaransa A, historia ya Afrika A. Binti hakuinua macho. "Baiolojia ndiyo itakayomfikisha," akasema baba. Nikamjibu, "Mzee, hizo C ndizo zinazomzuia." Maombi yanapochakatwa, alama za baiolojia, kemia, fizikia na hisabati hupigiwa wastani wake peke yake. Botania hakuna aliyemdai, lakini imo mle na inamshusha. Angesoma historia, angebaki na masomo machache ya sayansi na muda wa kuyafanya vizuri.

"Mbona waombaji wengi ni wa baiolojia?" Ndiyo, ni zaidi ya nusu. Lakini wingi wa waombaji si upendeleo: waliosoma fasihi, historia na falsafa hukubaliwa kwa kiwango kisichopungua cha wale wa baiolojia. MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, una sehemu nzima ya kusoma na kuchambua, maswali 53 kwa dakika 90, isiyodai sayansi hata chembe. Harold Varmus alisomea fasihi ya Kiingereza Amherst, akaenda udaktari Columbia, na mwaka 1989 akapata Nobel ya tiba. Basi mtu asiniambie tena kwamba fasihi ni kupoteza ada.

Sasa la kufanya. Mwanafunzi achague somo analolipenda kiasi cha kulikesha. Biokemia aimalize kabla ya MCAT. Saa za hospitali aanze mapema, wahadhiri wamjue kwa jina, maana barua za mapendekezo zitatoka kwao. Aliyemaliza shahada bila masomo ya sayansi anaweza kuyachukua baadaye. Zipo programu za kazi hiyo. Na mwenye viza ya mwanafunzi aulize kila chuo kabla ya kulipia maombi: vingi havipokei asiye raia wala mkazi wa kudumu, na ada ya maombi hairudishwi.