LI na ME

Mtoto wa Petro ana homa kali. Yosefu anatumwa dispansari kumtafuta mganga. Anarudi na kusema: «Mganga amefika.» Petro anambeba mtoto, anakwenda mbio. Lakini mlango umefungwa: mganga alifika jana, akaondoka.

Yosefu hakutaka kudanganya. Alikosea sehemu ndogo tu ya neno.

Tazameni, watoto:

LI yaonyesha jambo lililopita. Mganga alifika jana. Labda leo hayupo.

ME yaonyesha jambo lililotimia, na tokeo lake lipo hata sasa. Mganga amefika, yupo, nendeni.

Mkitaja jana, juzi au mwaka uliopita, tumieni LI.

Zoezi. Jazeni LI au ME:
Juzi mvua i...nyesha.
Sasa njia i...kauka, twendeni.