Sheria, Ardhi na Maji: Fundisho Kutoka Kanada

Tunapozungumzia unyang'anyi wa ardhi, fikra zetu huenda kwanza kwenye bunduki na bendera ya mkoloni. Lakini ardhi hunyang'anywa pia kwa kalamu, Bungeni, kwa kura halali. Hali hiyo ilijidhihirisha nchini Kanada mwaka 2012, na hatuna budi kuichambua.

Mwezi Oktoba mwaka huo Serikali ya Stephen Harper ilipeleka Bungeni Muswada C-45. Kwa jina ulikuwa muswada wa kutekeleza bajeti, wenye kurasa zaidi ya 400. Ndani yake mlikuwa na mambo mawili mazito.

Kwanza, sheria ya kulinda maji yapitikayo na vyombo, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1882, ilipunguzwa nguvu. Ulinzi uliohusu maji yote ya namna hiyo ulibakizwa kwa bahari 3, maziwa 97 na mito 62 tu, katika nchi yenye maziwa maelfu kwa maelfu.

Pili, masharti ya kukodisha ardhi iliyotengewa wenyeji wa asili yalilegezwa. Awali, kura ya kwanza ilidai ridhaa ya walio wengi miongoni mwa wapiga kura wote wa jumuiya. Sasa wangetosha walio wengi miongoni mwa waliojitokeza. Tuchukue mfano: jumuiya ina wapiga kura 1,000, wakafika 100, watu 51 wanaamua hatima ya ardhi ya wote. Ni dhahiri utaratibu huu unamnufaisha nani: mwenye mtaji anayetafuta ardhi upesi.

Upinzani haukuanzia kwa wakubwa. Wanawake wanne wa jimbo la Saskatchewan, watatu wenyeji wa asili na mmoja wa asili ya walowezi, waliitisha mikutano ya kuuelewa na kuueleza muswada huo. Hapo ndipo zilipozaliwa harakati za Idle No More, maana yake 'hatukai tena bure'. Tarehe 10 Desemba 2012 maandamano yalifanyika sehemu nyingi za nchi. Kesho yake Chifu Theresa Spence wa Attawapiskat alianza mgomo wa kula jijini Ottawa, akauendeleza hadi Januari 2013. Hoja yao ilikuwa moja: mikataba ilitiwa sahihi kati ya mataifa, na upande mmoja hauna haki ya kuigeuza peke yake.

Hata hivyo, muswada ulikuwa sheria tarehe 14 Desemba 2012. Aidha, mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Wamikisew Cree, iliamua kwamba Serikali hailazimiki kushauriana na wenyeji wa asili inapotunga miswada. Mwaka 2019 sheria mpya ilirudisha sehemu ya ulinzi wa maji.

Tunajifunza nini? Uhalali wa sheria si sawa na haki. Tuulize daima imetungwa kwa maslahi ya nani. Elimu hutangulia maandamano, kwani umma hauwezi kupinga usichokielewa. Tena, mto ukichafuliwa haubagui mnywaji. Ndiyo maana wasio wenyeji wa asili nao walijiunga. Kada asiyesoma muswada mpaka kifungu cha mwisho atashtuka ardhi imekwisha kwenda.