Fahamu: Kwa nini Audi RS6 ni adimu Nairobi

Vijia vingi vya Gatwekera, Kibera, havipitishi gari lolote. Lakini barabara mpya iliyokatwa kupitia Kibera kutoka Ngong Road hadi Lang'ata, ile iliyobomolea watu nyumba na shule mwaka 2018, ina nafasi ya kutosha.

Audi RS6 Avant ikipita hapo, asiyejua ataona stesheni wagoni tu ya watoto na mizigo. Buti ni la lita 565. Chini ya boneti, toleo lililozinduliwa 2019 lina V8 ya lita 4 na nguvu farasi 600: sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.6. (Mjini mwisho ni 50, tusisahau.)

Kinacholizuia ni ushuru. Chukua gari la shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha, 35%, hulifikisha 13.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya petroli inayozidi sisi 3000, 35% nyingine, hutozwa juu ya jumla hiyo: 18.2. VAT ya 16% nayo: 21.1, na bado kuna ada ndogondogo.

Kusubiri lizeeke ndipo uliagize hakusaidii, maana Kenya hukataa gari lililozidi miaka 8, na usukani lazima uwe kulia. Wenye watoto na mguu mzito huishia kwenye Subaru Outback.